Ile hela

Meseji iliyoniliza ilikuwa na maneno kumi na matatu. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku hiyo. "Ile kodi nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo. Mama mwenye nyumba."

Ilikuwa tarehe 28, saa tatu asubuhi, wanafunzi wa chuo wamejaa dukani wanataka kuchapa kazi zao kabla ya kipindi cha saa nne. Nina stesheneri hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu: kompyuta tatu, mashine moja ya kopi inayokohoa, laminesheni, na kibao ukutani kinachosema tunasaidia kujaza fomu za mtandaoni. Yaani mimi ndiye watu wanayemjia kuuliza, "Dada, hebu niangalizie, hii ni ya kweli?" Na kodi kweli nilikuwa nadaiwa, ya miezi mitatu, 240,000. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimemwahidi mama kwa mdomo wangu kwamba mwezi hautaisha kabla hajaipata. Nikatuma huku mkono mmoja unapanga karatasi kwenye mashine. Kabla sijaweka namba ya siri simu ikaniletea jina la mpokeaji, jina la mwanaume. Sikusita hata kidogo. Nikajijibu mwenyewe: atakuwa yule mwanawe wa Dar.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kuliko hata hela yenyewe. Tapeli alinidanganya mara moja tu. Uongo wa pili, ule wa mwanawe wa Dar, niliutunga mimi, bure, kumsaidia kazi yake.

Mama alipopiga Jumatatu kuuliza, "Mwanangu, mbona kimya?" nilihisi tumbo linashuka. Huduma kwa wateja wakanijibu kwa upole kwamba hela ilishatolewa kwa wakala siku ile ile, dakika chache baada ya kuingia. Ingekuwa bado imo kwenye akaunti wangeweza kuizuia. Nilikuwa nimechelewa kwa siku tatu.

Baadaye, hasira zilipopoa, niliisoma ile meseji kama mwalimu wa Kiswahili anavyosoma insha. Haina jina langu. Haina jina la mama. Haitaji kiasi wala mwezi. Aliyeiandika hakujua chochote kunihusu, hata kama mimi ni mpangaji. Kazi yote aliliachia neno moja, "ile". Kwa Kiswahili ukisema "ile kodi" husemi kodi iliyo mbali, unasema kodi ambayo mimi na wewe tunaijua, tuliyokwisha kuizungumza. Ni neno linalomfanya msikilizaji akumbuke. Tapeli anachimba shimo, na wewe unalijaza kwa udongo wa nyumbani kwako.

Mama lishe wa jirani yangu aliipata meseji hiyo hiyo asubuhi ile, neno kwa neno. Akacheka, akaifuta, kwa sababu yeye anaishi kwenye nyumba aliyojenga mwenyewe. Kwake shimo lilibaki tupu. Hakunizidi akili (na yeye mwenyewe amewahi kupigwa kwenye biashara ya kuku), ila siku ile hakuwa na kodi ya kulipa. Meseji zinatumwa kwa namba zinazofuatana, maelfu kwa maelfu, na katika maelfu hayo lazima wawepo wanaodaiwa kodi, wanaosubiri ada ya mtoto, wanaosubiri mzigo kutoka China. Hakuna aliyenilenga. Nilipita tu pale jiwe lilipoangukia.

Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko umeme. Ulaya na Marekani katika karne ya 19 watu walikuwa wakipokea barua kutoka kwa "mfungwa wa Hispania", tajiri aliyefungwa, anayeomba fedha kidogo za kumkomboa ili naye agawane nawe hazina yake. Aliyeandika barua ile alilipia karatasi, wino na stempu kwa kila mtu mmoja. Kilichobadilika ni bei. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya kompyuta ya DEC ya Marekani, aliwatumia tangazo moja watu wapatao 400 kwa mpigo kupitia ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Hakuwa mwizi, alikuwa anauza kompyuta. Watu walikasirika, lakini siri ilikwishatoka: kumwandikia mtu mmoja na kuwaandikia mia nne ni gharama ile ile. Siku hizi kijana mwenye bando la meseji anaweza kuchokoza kata nzima kabla ya chai.

Kuna wanaonicheka wakisema, "Sasa wewe na meseji za Freemason utajiunga?" Zile za "jiunge upate utajiri, gari na nyumba, piga namba hii", zimejaa makosa ya herufi mpaka unajiuliza nani anaziamini. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliandika juu ya barua pepe za namna hiyo akasema ujinga wao una kazi. Tapeli wa aina hii hutumia muda mwingi kumbembeleza kila anayejibu, kwa hiyo hataki ajibiwe na mtu mwerevu atakayegeuka njiani. Anataka mwenye shaka ajiondoe mwanzoni kabisa. Tangu niisome hoja hiyo sizicheki tena meseji mbovu. Mimi na wewe tunaozicheka tumeshachujwa, na zile tutakazoletewa sisi zitakuwa zimeandikwa vizuri.

Kama ile barua ya yule kijana. Alikuja mchana, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, akaniambia, "Dada, nitolee hii kwa rangi, karatasi nzuri." Ilikuwa barua ya kuitwa kazini. Nembo ya Taifa ipo juu, ila yule Bibi na Bwana wamevutwa pembeni kama wanaokunja shingo, na maneno "Uhuru na Umoja" yamefifia hayasomeki. Chini kuna maelekezo: lipia 45,000 za vipimo vya afya kwa namba ya simu ifuatayo ndani ya saa 48. Anwani ya barua pepe ilikuwa ya Gmail.

Sikumwambia ni utapeli. Nimejifunza kwamba ukimwambia mtu hivyo anaitetea barua yake kama mchumba. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, maombi ya kazi hii ulituma lini?" Akaanza kupekua simu. Alikuwa ametuma maombi mengi sana, hakumbuki. Usaili ulifanyika wapi? Hakufanya usaili, alidhani safari hii wamechukua kwa vyeti. Unaona? Ile ile "ile". Barua ilisema "kufuatia maombi yako", na kijana aliyekaa miaka miwili akiomba kazi kila mahali atakosaje ombi la kuliweka hapo? Tukafungua pamoja mtandao wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, wanaosema wazi kwamba kuomba kazi kwao hakulipiwi. Akakaa kwenye benchi muda mrefu. Kopi ile sikumtoza, na akaondoka nayo. Sijui aliitaka ya nini.

Siku ile nilimwonyesha jambo ambalo sasa namwonyesha kila anayekaa kwenye kompyuta zangu: namna ya kusoma anwani ya tovuti. Watu wanaisoma kutoka kushoto, wakiona "ajira" au jina la benki yao mwanzoni wanatulia. Lakini anwani ina tabia ya majina yetu, ukoo unakuja mwisho. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake, baada ya ile miwili ya mwanzo. Kinachokaa kabla yake, ukisoma kwa kurudi nyuma, ndiyo ukoo. Ajira.go.tz ukoo wake ni go.tz, na huo hausajiliwi na mtu wa mtaani, ni wa taasisi za serikali peke yake. Sasa tuseme mtu akuletee ajira.go.tz.maombi-mapya.com. Mwanzo ni ule ule, lakini ukoo ni maombi-mapya.com, na jina kama hilo yeyote analinunua kwa bei ya mbuzi mdogo, pengine pungufu. Mimi naweza kumwita mbwa wangu Waziri. Hataingia bungeni.

Na ile kufuli ndogo tuliyofundishwa kuitafuta pembeni mwa anwani? Inamaanisha tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayasikilizwi njiani. Haisemi unazungumza na nani. Matapeli nao wanaipata kufuli hiyo, tena bure.

Aliyenihuzunisha kuliko wote alikuwa mtu mzima, mtumishi wa ofisi fulani, aliyesubiri wateja wote waondoke ndiyo akaniuliza kama naweza "kufuta kamera ya kompyuta". Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti. Akanipa simu yake kwa mkono unaotetemeka, nisome barua pepe ya Kiingereza. Mwandishi anajiita mdukuzi. Anasema aliingia kwenye kompyuta yake, akamrekodi kwa kamera akiangalia picha chafu, na ataituma video hiyo kwa ndugu na wafanyakazi wenzake wote asipolipwa kwa Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni. Ili aaminiwe, ameandika mstari wa kwanza kabisa nywila ya yule mzee. Na kweli ilikuwa nywila yake, jina la kijiji chao na mwaka. Siku tatu alikuwa hajalala.

Nikamwambia, baba, hii nywila ni ya kweli na mengine yote ni hadithi. Nywila za watu ziliibwa kwa mamilioni kutoka kwenye makampuni makubwa: LinkedIn waliibiwa mwaka 2012, Adobe mwaka uliofuata, na wengine wengi. Orodha hizo zinazunguka mtandaoni kama mitumba. Mtu anachukua orodha, kompyuta inaandika barua moja kwa wote, kila mmoja na nywila yake. Kuna tovuti ya Mwaustralia mmoja, Troy Hunt, inaitwa haveibeenpwned.com. Unaweka anwani yako ya barua pepe, inakuambia umo katika orodha ipi. Tukaweka yake. Alikuwemo mara tatu.

"Na video je?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Baba, kompyuta unayotumia ni ipi?"

"Ya ofisini. Ile kubwa ya mezani."

"Ina kamera?"

Akafikiri. Haikuwa na kamera. Siku tatu za kutolala, na kompyuta haina kamera. Aliona aibu kucheka, kisha akacheka mpaka akafuta macho. Tukabadilisha nywila ya barua pepe pale pale, kwanza hiyo, maana anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za vingine vyote na zikamfikia yeye. Tukawasha na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia, unathibitisha na kwa njia ya pili. Nywila za vingine nikamwambia aziandike kwenye daftari, kila kitu na yake, daftari likae nyumbani. Wataalamu watapendekeza programu ya kutunza nywila, na ni kweli ni bora. Lakini mdukuzi aliyeko ng'ambo hawezi kufungua kabati la nyumbani kwake Mzinga, na mzee huyu ninamjua, programu ataisahau.

Nisijifanye mwalimu wa watu. Mwaka mmoja nilikosa hela ya kununua Office halali kwa kompyuta mpya ya dukani, nikapakua ya bure pamoja na kile kiprogramu cha kuifungua. Maelekezo yalisema: kwanza zima kinga ya virusi. Nikazima. Hebu fikiria fundi anakuja kwako usiku, anakuambia mfunge mbwa kwanza ndiyo niingie, nawe unakwenda kutafuta kamba. Hapa sina "ile" ya kusingizia, ulikuwa ubahili wangu. Kesho yake asubuhi kila faili lilikuwa limeota mkia mpya wa herufi nisizozijua na halifunguki. CV za watu, kadi za harusi, ripoti za wanafunzi, miaka miwili ya kazi. Kwenye kila folda kulikuwa na barua: dola 980 upate ufunguo, au dola 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Punguzo kama la mnada wa nguo. Ni virusi vya ukoo wa STOP, wengine huviita Djvu, vinavyopenda sana kusafiri ndani ya programu za wizi. Sikulipa. Nilikuwa na flashi moja chini ya droo yenye kopi za miezi minne iliyotangulia, ndizo zilizobaki. Tangu hapo flashi ya akiba inachomekwa Jumamosi jioni, inachomolewa, inaondoka na mimi kwenye pochi. Ikiachwa kwenye mashine nayo inafungwa pamoja na mengine.

Kwa wateja wanaotumia kompyuta zangu nina usumbufu mmoja tu, nawauliza "umetoka?" kabla hawajainuka. Wengi wanafunga dirisha wakidhani wametoka kwenye akaunti. Nimewahi kukuta Facebook ya mtu iko wazi, barua pepe iko wazi, na kwenye folda ya vilivyopakuliwa kuna cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Nikiwa mtu mbaya, hiyo ni mtaji.

Kuna jambo la laini pia. Mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, tukadhani matapeli wamekwisha. Hawakwisha, walihamia kwenye vidole vyetu. Unasajili laini kwa kijana mwenye mwavuli barabarani, anasema kidole hakijasoma, weka tena, na tena. Pengine kweli hakijasoma. Pengine umesajili laini mbili, na ya pili ndiyo itakayoandika "ile hela" kwa jina lako. Piga *106# uangalie namba zilizo chini ya kitambulisho chako. Mimi nilipopiga nilikuta moja nisiyoijua, nikaenda kuifunga. Na meseji za kitapeli usizifute tu, ziripoti TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa 15040.

Wao TCRA na makampuni ya simu waliendesha kampeni wakaiita Sitapeliki. Kampeni nzuri, ila jina silipendi. Anayesema "sitapeliki" ni yule niliyekuwa mimi tarehe 28 asubuhi, mkono mmoja kwenye mashine. Mimi ninatapelika. Nikiwa na haraka, nikiwa na deni, mtoto akiwa na homa, ninatapelika vizuri kabisa, na kwa sababu ninajua hivyo nimejiwekea swali moja. Meseji yoyote yenye "ile", "lako", "kufuatia", naijibu kwa neno moja: ipi? Shoga yangu aliandikiwa na namba ya dada yake, "Nimekosea, zile namba sita zimekuja kwako, nitumie." Akauliza namba zipi, za nini. Akatukanwa. Dada yake hajawahi kumtukana maishani, ndipo akajua WhatsApp ya dada imetekwa, na kwamba namba zile sita zilikuwa ufunguo wa WhatsApp yake mwenyewe. (Dada alijisajili upya kwa namba yake, yule mtu akatolewa. Angekuwa ameshaweka PIN yake, dada angesubiri siku saba kurudi.)

Neno hilo lina gharama zake. Mwezi uliopita nikapata meseji kwa namba ngeni: "Mwanangu ile kodi itume huku, simu yangu imeibiwa kwenye daladala." Nikajibu, "Kodi ipi mama?" Kimya. Kisha simu ikaita, na sauti ilikuwa yake. Sauti nayo siku hizi si ushahidi, nikamwambia, "Shikamoo mama, samahani, lile bati la jikoni lilivuja mwezi gani?" Sitayaandika hapa aliyonijibu. Nikafunga duka, nikachukua boda mpaka Kihonda, nikamkabidhi fedha taslimu.

"Hesabu mbele yangu," akasema, "usije ukasema na hizi nimezitapeli."

Tukahesabu. Akanimiminia chai, akawa bado amenuna, akijikunja kwenye mkeka na simu mpya aliyonunuliwa na wanawe. Baada ya muda akaisogeza kwangu taratibu.

"Hebu niangalizie na hii. Wanasema mzigo wangu umekwama bandarini, nilipie 35,000."

"Una mzigo mama?"

"Sina. Lakini binti yangu wa Muscat aliniahidi begi la nguo."

"Aliahidi lini?"

Akanywa chai kwanza.

"Mwaka juzi."